Baiskeli ya Watu Wawili

Gurcharan Singh wa Kitale alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe, Jasbir, alishachoka kuupigia kelele. Akiona baiskeli kuukuu ya milimani, zile za miaka ya tisini zenye tairi nene na gia nyingi, hawezi kuipita. Ataifungua mpaka spoku ya mwisho, na haachi mpaka irudi vile ilivyotoka kiwandani. Ukimwambia aiwekee hata kengele isiyo yake, mtakosana. Ndivyo alivyo bwana huyu, na usijaribu kubishana naye.

Bilha, mwalimu kutoka Bungoma, ndiye aliyempelekea ile ya babake, na hakuficha neno. "Singh, tangu tumzike Mama, Baba hatoki nje ya lango. Miezi saba sasa. Hata kanisani haendi. Hii baiskeli alikuwa anaenda nayo kila mahali. Ikitengenezeka, pengine atatoka."

Gurcharan akaipokea kwa mikono miwili. Kwa miezi miwili duka lao la vipuri likawa la Jasbir peke yake. Mzee mzima alikwangua kutu, akatafuta breki za aina ileile mpaka Lwakhakha mpakani, akachanganya rangi ya kijani mara nne hadi ikafanana na ya zamani. Ilipokamilika alikataa katakata kuipakia garini. Aliipanda mwenyewe alfajiri, akapita Kiminini, akateremka Kimilili mapaja yakimwaka moto, na saa saba mchana akaingia kwa Mzee Khisa, babake Bilha, amelowa jasho na kujaa furaha.

Mzee Khisa alitoka, akasalimia, akaizunguka baiskeli mara moja. Akagusa usukani. "Umefanya kazi, Singh. Asante sana." Kisha akarudi ndani akaketi.

Loo! Gurcharan alisimama pale kama aliyemwagiwa maji baridi. Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Bilha, aliyetoka shuleni kuja kushuhudia, akamfuata babake mpaka mlangoni. "Baba, kwani hujaipenda?"

"Ni nzuri," Mzee akajibu. "Lakini hii ni ya mtu mmoja, mwanangu. Yangu ilikuwa ya watu wawili. Mamako angekaa wapi hapa?"

Hapo ndipo Gurcharan alipoelewa, na moyo ukamshuka. Baiskeli ilikuja na keria nyuma, chuma kizito kilichochomelewa na fundi fulani wa sokoni, juu yake kipande cha godoro kilichofungwa kwa mpira wa tyubu. Baiskeli za milimani hazitoki kiwandani na keria. Siku ya kwanza kabisa aliikata akaitupa kwa vyuma chakavu, tena akinung'unika juu ya watu wanaoharibu vitu vizuri. Miaka ishirini na tano mama wa watu ameketi pale, kwenda sokoni, kwenda kanisani, kwenda kujifungua, na yeye hakuuliza hata swali moja.

Hakujitetea. Aliisukuma baiskeli mpaka kwa fundi wa kuchomelea pale barabarani. "Nataka keria. Ya kubeba mtu mzima."

Fundi akashangaa. "Ati nichome kitu safi hivi? Rangi itaharibika, bana!"

"Choma," akasema Gurcharan, akaishika fremu mwenyewe. Rangi ya kijani ikafura mapovu, ikageuka nyeusi. Iliuma, nisikudanganye. Lakini hakugeuza uso.

Aliporudi, Mzee Khisa aliibonyeza ile keria kwa viganja vyote viwili, akaiegemea kwa uzito wake wote. Haikucheza.

"Nimefika langoni mara nyingi," akasema. "Nikifika pale nageuza kichwa nimwambie kitu, hakuna mtu. Narudi." Akapanda, akaweka mguu kwenye pedali. "Bilha. Kaa nyuma."

Mwalimu mzima, na sketi yake ya kazini, akakaa upande. Baiskeli ikayumba, ikanyooka, ikapita lango. Gurcharan alibaki uani akisikiliza. Mzee alikuwa amegeuzia kichwa begani, anasema na kusema, shamba la nani limepaliliwa ovyo, nani ameezeka mabati mapya, na Bilha huko nyuma anajibu huku akilia, "Ee, Baba. Naona, Baba."