Kiwiko cha Kaweesi

Kazi aliyoifanya Jaifar ujana wake wote, hapakuwa na mtu Darsait, mtaa wao wa Maskati, aliyeweza kuieleza. Mashoga wa mamake, Bi Rahila, wakiuliza, bibi huyo hujibu, "Mwanangu alikuwa akirusha mpira Marekani, na akilipwa," nao huitikia mashaallah, kila mmoja akiwaza mpira anaoujua yeye.

Jaifar alichukuliwa Marekani akiwa mdogo, babake alipopata kazi huko, na skuli ndiko alikoujulia mchezo wa besiboli. Akawa mrushaji. Lakini hakuwa yule mrushaji anayeanza mchezo, ambaye picha yake hubandikwa mlangoni mwa uwanja. Alikuwa mrushaji wa akiba, anayekaa nyuma ya uzio akitafuna mbegu za alizeti mpaka mwenzake aharibu, ndipo aitwe haraka aje kuzima moto ambao hakuuwasha yeye. Akiuzima, watu huokota mikoba yao wakaenda zao. Usipozimika, jina lake ndilo wanalorudi nalo nyumbani.

Miaka mingi aliimalizia katika ligi ndogo, mji mmoja hadi mwingine kwa basi. Mara tatu alipandishwa ligi kubwa, na mara tatu akateremshwa. Timu zilimuuza na kumnunua. Mara moja aliuzwa hali anakula chakula cha mchana. Kisha kano ya kiwiko ikakatika. Madaktari wakatoa kano nyingine katika kigasha chake wakaipandikiza hapo, akarudi uwanjani, nayo ikakatika. Timu ya mwisho ikamwambia arejeshe jezi. Babake alikuwa ameshakufa, mamake alikuwa amesharudi Maskati, naye akarudi kwa mamake.

Ami yake, Ghanim, alimpa meza katika duka lake la vipuri vya viyoyozi, mtaa wa Hamriya. Jaifar alikaa hapo akipokea simu za watu waliotaka feni na mabomba. Mkono wake wa kulia haukunyooka tena. Chai aliikoroga kwa kushoto.

Nyumbani kwa Bi Rahila alikuwako mfanyakazi kutoka Uganda, jina lake Namusoke, mwanamke mpole, mwepesi wa kucheka. Siku moja alikuwa akifuta vumbi chumbani kwa Jaifar, akaushika mpira uliokuwa juu ya rafu. Jaifar alikuwa mlangoni. Akaona vidole viwili vya Namusoke vimelala juu ya mshono wa mpira, kidole gumba kimeushikilia kwa chini.

"Nani kakufunza kushika hivyo?" akamwuliza.

"Pole, bosi, narudisha."

"Sikugombi. Nakuuliza."

"Ni ndugu yangu, Kaweesi. Yeye anarusha. Mimi ndio nilikuwa namdakia nyuma ya skuli, wengine walikuwa wanaogopa."

Akatoa simu yake, akamwonyesha. Kijana mrefu, mwembamba, uwanja wa nyasi zilizochakaa, na mpira unaotoka mkononi mwake kama uliotemwa. Jaifar akasogea karibu. Akaomba aone tena, na mara hii hakuutazama mpira. Kiwiko kilikuwa kinashuka, kama chake mwenyewe kabla ya kano kukatika. Na kila akimaliza kurusha, Kaweesi aliukung'uta mkono kidogo, kama mtu anayekung'uta maji.

"Si ni mzuri, bosi?"

"Ana mkono," alisema Jaifar, na hilo lilikuwa kweli.

Namusoke akamweleza kuwa wasaka vipaji kutoka ng'ambo wanakuja Kampala mwezi unaofuata kuchagua vijana. Mshahara wake wote wa Maskati ulikuwa umekwenda kwenye viatu, nauli na mipira ya Kaweesi. Kijana akichukuliwa, yeye atarudi nyumbani kwa mwanawe.

Jaifar alikaa na jambo lile siku kadhaa. Ijumaa, wakila, Bi Rahila akaweka mkono wake juu ya sinia.

"Nnakuona umekunja uso wiki nzima. Kuna nini, baba?"

Akamwambia. Bi Rahila, ambaye hakuwahi kufahamu chochote katika mchezo ule, hilo alilifahamu.

"Basi mwambie."

"Atadhani nna choyo, mama. Kwa kuwa mimi nimekwisha."

"Na adhani. Ukinyamaza ndo utakuwa na choyo kweli."

Jaifar alimkuta Namusoke jikoni akimenya vitunguu thomu. Akamweleza taratibu kuwa kano ya kiwiko cha Kaweesi imeshaanza kuchanika, na kijana akirusha kwa nguvu zake zote siku ya kuchaguliwa, huenda ikakatika.

Namusoke hakuacha kumenya. "Bosi, wewe ulicheza miaka mingapi na mkono mbaya?"

"Mingi."

"Na walikulipa?"

"Walinilipa."

"Basi," alisema Namusoke.

Hata hivyo akakubali waongee. Alasiri ile Kaweesi alitokea kwenye simu, amekaa chini ya ukuta wa matofali, na alipojua anaongea na mtu aliyewahi kurusha katika ligi kubwa, akasimama. Walizungumza Kiingereza, lugha ambayo wote wawili waliujifunzia mchezo.

"Vidole gani vinakufa ganzi?" Jaifar aliuliza.

Kijana akavitazama vidole vyake. "Kile kidogo na jirani yake."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Usirushe siku hiyo. Pumzisha mkono mwaka mzima. Wengine watakuja."

"Wanachukua vijana wadogo kuliko mimi. Mwakani hata jina langu hawataliuliza." Kaweesi alisema bila ya ukali, kama anayesoma ubao wa mabasi. "Wewe ungekaa?"

Jaifar alikumbuka daktari mmoja aliyempa nasaha ile ile, na jinsi alivyomshukuru, akatoka, akaenda moja kwa moja kufungwa bandeji ili arushe. Alitaka kusema uongo. Haukumjia.

"Nisingekaa."

"Basi nifundishe nifike siku hiyo."

Na Jaifar akamfundisha. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba hakulazimishwa. Alimfundisha kupasha mkono polepole, kurusha mara chache, kuulaza kwenye barafu. Alimfundisha mpira wa taratibu unaotoka kama wa kasi, usioumiza kiwiko. Ili auonyeshe vizuri, alikwenda na Namusoke kwenye kiwanja kitupu nyuma ya gereji. Namusoke akachutama na glovu kuukuu ya Jaifar, simu imeegemezwa kwenye tofali. Jaifar alirusha kwa nusu ya nguvu, meno ameyauma, na wiki zile alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu arudi. Alikwenda Hamriya akipiga mluzi.

Bi Rahila alikuja kutazama mara moja. Akawekewa kiti cha plastiki. Mwanawe akarusha, Namusoke akadaka.

"Ndo hiyo?" aliuliza.

"Ndo hiyo, mama."

"Miaka yote ile?"

"Miaka yote ile."

Bi Rahila akavuta mtandio wake. "Mzuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayesifu chakula cha mgonjwa.

Siku yenyewe ilipofika, Namusoke hakupewa kazi. Walikaa sebuleni watatu, simu imesimamishwa mbele ya bakuli la sukari, na rafiki wa Kaweesi akiwaonyesha kwa video kutoka uwanjani. Kaweesi alianza na mipira ya taratibu, kama alivyofunzwa. Mzungu mmoja aliyeshika kifaa cha kupimia kasi akamnong'oneza mwenzake. Kisha akanyoosha kidole kimoja: mmoja zaidi, kwa nguvu zote.

"Mwambie asirushe," Jaifar alisema. Hakuna aliyeweza kumwambia.

Kaweesi akarusha. Mpira ulipita juu ya kichwa cha mdakaji ukaenda kugonga uzio. Hakulia, hakuushika mkono. Aliutazama tu unavyoning'inia, kama wa mtu mwingine. Rafiki yake akashusha simu, wakaona nyasi na kandambili.

"Mtandao umekatika," alisema Namusoke.

Bi Rahila akailaza simu kifudifudi.

Wageni waliondoka na vijana wawili, na Kaweesi hakuwamo. Jaifar aliwapigia wote aliowajua: wachezaji wenzake wa zamani, wakala wake, daktari aliyempasua. Mmoja alimjibu kwa upole, wengine hawakumjibu. Mrushaji aliyekatika kano kabla hajasajiliwa si mchezaji wa mtu, na hapana anayetibu kiwiko kisicho chake. Kaweesi alifungwa mkono kwa kitambaa katika zahanati ya karibu, akaambiwa apumzike.

Alimletea Jaifar ujumbe mmoja. "Ulinifikisha siku hiyo." Jaifar aliusoma mara nyingi asijue ni shukrani au ni laana, na hakuthubutu kuuliza.

Mkataba wa Namusoke ulikuwa unakwisha. Akamwambia Bi Rahila ataendelea kukaa, kama Mama hana neno. Hakumlaumu Jaifar. Alimpa chai yake kama kawaida, ila simu yake hakumwonyesha tena, na ile glovu aliirudisha kwenye rafu.

Muda ulipita kidogo, akamjia na ombi moja. Kaweesi anauliza kama ami Ghanim anaweza kumleta Maskati, ghalani, apange maboksi. Mkono wake wa kushoto ni mzima.

Jaifar alimweleza ami yake yote. Ghanim alikuwa mtu mwema. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna ndevu.

"Watampima afya kabla ya viza, Jaifar. Na hata wakimpitisha, ghalani nnataka mikono miwili. Nnae tayari mmoja wa kumhurumia."

Jaifar alirudi Darsait akamkuta Namusoke juu ya dari akianika nguo.

"Amesemaje?"

"Amekataa."

Namusoke alitikisa kichwa kuonyesha kuwa amesikia. Akachukua shuka kwenye beseni, akaikamua.

"Sogea kidogo, bosi," alisema. "Umeniziba kamba."