Sindano Iliyolala Fofofo

Karakana nzima ilimwita Mzee Sindano, na jina lenyewe alilipenda. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akiyeyusha waya wa alumini kwa umeme na kuupulizia kwenye vyuma vya watu ili visiliwe na kutu, na hakuanza kazi hata siku moja bila kuitazama saa ya vichujio, kipimo cha msukumo wa hewa kilichokuwa ukutani. Sindano yake ikipanda, vichujio vya vumbi vimeziba. Ikilala chini, mafundi husema mashine inapumua.

Leo ilikuwa imelala fofofo, na mzee akaingia chumba cha kupulizia akitabasamu ndani ya kofia yake ya kujikinga. Lango la bwawa lililomngoja humo lilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na tangu aanze hakuna kazi yake iliyowahi kurudiwa. Hilo alilisema harusini, misibani, hata kwa kinyozi ambaye hakumuuliza. Mhandisi wa maji, mwenye lango, alikuja mwenyewe kushuhudia, akasimama nyuma ya kioo.

Nusu ya lango ilikuwa imeshafunikwa pale mitambo yote ilipozimika kwa mpigo. Mzee akatoka, akavua kofia, jasho likimchuruzika, akamkuta binti yake mkono ukiwa bado kwenye swichi kubwa. Binti huyo ndiye aliyesimamia usalama pale, mwaka wa pili sasa.

"Umezima wewe?"

"Mimi, baba. Nadhani kuna kichujio kimepasuka."

"Kimepasuka wapi? Sindano iko chini, mashine inapumua!"

"Hicho ndicho kinachonitia hofu. Vichujio vina miezi saba. Juzi sindano ilikuwa katikati, na hakuna aliyevibadilisha. Leo vipumue kama vimetoka dukani?" Akamwonyesha kiganja. Alikuwa amekipitisha kwenye mdomo wa bomba la nje, panapotoka hewa iliyochujwa, nacho kilikuwa kijivu tupu kwa vumbi.

Mzee alijua maana ya kusimama. Lango likikaa hivyo mpaka jioni, upande usiofunikwa ungeshika kutu, lipigwe mchanga upya kuondoa kutu hiyo na kazi ianze mwanzo. Hasira zikampanda.

"Ungesubiri basi nimalize!"

"Vumbi la alumini likikutana na cheche hulipuka, baba, hakuna atakayemaliza."

Wakangoja vumbi litulie. Binti hakumruhusu mtu kugusa mlango wa vichujio, hata baba yake aliyekuwa akizunguka huku akisonya. Kisha akaufungua polepole. Mfuko mmoja ulikuwa umechanika juu hadi chini, na ng'ambo yake, pasipotakiwa hata chembe, vumbi laini lilikuwa limejaa mpaka miguuni mwa mota ya feni. Mota ilikuwa ya moto, na beringi yake ilikuwa imeanza kusagika.

Mzee akageuka kuitazama saa ukutani. Saa haikumdanganya. Hewa ilikuwa ikipita kwenye tundu bila kuzuiwa na kitu, sindano ikalala, naye akafurahi kama mtoto. Zilibaki dakika chache tu beringi ile itoe cheche, na yeye alikuwa ndani.

Mhandisi akasogea, uso umemkunjamana. "Nani ameamua kusimamisha kazi yangu?"

Binti alifungua mdomo, lakini mzee akamtangulia.

"Huyu hapa. Kumzaa nimemzaa mimi, lakini leo amenifundisha kusoma saa niliyoitazama tangu hajazaliwa." Akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Kwenye ripoti yako andika kazi hii inarudiwa, nimekosea mimi. Andika na aliyeisimamisha, jina kamili, usikosee."

Mhandisi akatoa kalamu. Mzee akamtajia jina la binti yake herufi moja moja, kifua mbele, mafundi wote wakisikia. Alipofika kwenye jina la baba, kicheko cha furaha kikamzidi, ikabidi binti amalizie.