Vidole Viwili vya Karatasi

Fundi fremu huyu mtaani walimwita Sukari kwa ule mdomo wake mtamu mbele ya wateja. Wasichokijua ni kwamba alikuwa na mkono wa birika. Muuguzi mmoja alipomletea mchoro wa mianzi uliotoka Mashariki ya Mbali, Sukari alikuwa na kioo kilichokwisha kukatwa, mteja mwingine amekisusa. Mchoro ulikizidi kioo kwa upana wa vidole viwili tu. Upande huo uliozidi kulikuwa na maandishi meusi asiyoyajua na alama nyekundu ya mraba, akadhani ni chapa ya duka. Kununua kioo kingine kulimuuma, basi akakata karatasi.

Muuguzi alipokuja kuuchukua, aliusifu kwanza. Kisha uso ukambadilika, akauliza maandishi yako wapi.

Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Sukari. Alieleza taratibu kwamba mchoro ule uliachwa na baba yake, mgeni aliyempenda mama yake na kuondoka kabla yeye hajazaliwa. Mama alifariki bila kumtaja. Mama mkubwa aliyemlea aliuficha mchoro kwa hasira, akautoa juzijuzi tu alipougua. Jina la baba halikuwa kwenye cheti wala kinywani mwa mtu; lilikuwa kwenye sahihi ile na muhuri ule. Muuguzi aliwahi kuupiga picha kwa simu. Mianzi ilitoka vizuri, lakini muhuri na sahihi vilifunikwa na kidole gumba chake mwenyewe. Na mtaalamu wa kusoma mihuri ya kale, mama mmoja mtu mzima, alikuwa njiani anakuja.

Sukari alimwaga pipa la taka katikati ya karakana, akapiga magoti, akachambua kipande kimoja kimoja. Hakuna. Ndipo akakumbuka, na kukumbuka kukamuuma kuliko kusahau. Bahili kama yeye hatupi ukanda mzuri wa karatasi. Huukunja na kuusokomeza kwa gundi nyuma ya kioo kingine ili kisicheze. Na kioo cha mwisho alichokikaza kilikuwa cha kinyozi, ng'ambo ya barabara.

Alimkuta kinyozi ana mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Hakuomba ruhusa. Alikishusha kioo ukutani, mteja akabaki anautazama ukuta mtupu, na kinyozi akamporomoshea matusi ya nguoni. Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Ukanda ulikuwemo, umeshika, naye akaubandua kwa pupa.

Aliporudi nao, mtaalamu alikwisha kufika. Aliulowesha kwa pamba, akaukunjua kwa kibano, akauinamia na lenzi kwa muda mrefu. Muuguzi alishika ukingo wa meza. Sukari aliomba kimoyomoyo, yeye ambaye kuomba kwake kulikuwa kwa misiba tu. Lakini macho yake yalishaona. Muhuri ulikuwa umeyeyukia kwenye gundi, umekuwa uji mwekundu, na nusu ya chini ya sahihi ilikuwa imechanika pale alipovuta kwa haraka.

"Hili la juu limesalimika," mtaalamu alisema. "Kule kwao jina la ukoo hutangulia. Huu ni ukoo wake."

"Na jina lake?"

"Lilikuwa hapa chini, mwanangu. Na ndani ya muhuri."

Muuguzi akauliza wenye ukoo ule ni wengi kiasi gani. Mtaalamu alivua miwani, akasema wanaweza kujaza nchi nzima.

Sukari alianza kuomba radhi. Muuguzi hakumsikiliza. Alichukua penseli juu ya meza, akageuza kipande cha kadibodi, akamwekea mbele.

"Mimi niliangalia mianzi," alisema. "Wewe ndiye uliyepitisha kisu hapo, fundi. Macho yako yalikuwa hapo hapo. Umeliona jina la baba yangu. Lichore."

Sukari alishika penseli. Alichora mraba wa muhuri, mistari minne iliyonyooka, pembe hazina kasoro. Kisha akafumba macho atafute kilichokuwa ndani, akaona wekundu tu.

Muuguzi alimsogezea taa.

"Endelea," alisema. "Nasubiri."