Sauti ya Mama Upendo

Tangu ahamie Gitega, Anisia hakuwa amepanda hata shina moja la mahindi, lakini kila asubuhi alikuwa mkulima. Aliingia chumba cha nyuma cha duka la Ilyasi, akafunga dirisha kuzuia kelele za barabara, akawasha simu irekodi, kisha akasema:

"Mimi ni Mama Upendo, mkulima wa Buhinyuza. Mwaka jana nilivuna magunia matatu. Mwaka huu, kwa mbolea hii ya maji, nimevuna tisa. Ukinunua chupa mbili, ya tatu unapewa bure. Ni leo tu, ndugu zangu."

Hiyo "leo tu" ilikuwa imedumu miezi minne.

Ilyasi alimchukua kwa sababu ya Kiswahili chake. Anisia alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, akarudi Burundi na baba yake Leonardi akiwa na miaka kumi na minne. Wateja ambao Ilyasi aliwataka walikuwa watu kama huyo baba: waliorudi kutoka Tanzania, wanaolima huko Muyinga, walio kwenye makundi ya WhatsApp ya kanisa na ya ushirika.

"Sauti yako iko ya kuaminika," Ilyasi alimwambia siku ya kwanza. "Mi nikiongea, watasema huyu mchuuzi wa mujini. We ukiongea, iko dada yao."

Mwanzoni mbolea yenyewe haikuwa ya uongo. Ilikuwa mkojo wa sungura, ambao Ilyasi aliununua kwa wafugaji wa Ryansoro, akauchuja na kuutia kwenye chupa. Chumba kilinuka mpaka Anisia akawa anajifunga leso puani, anaifungua wakati wa kurekodi tu. Halafu maagizo yakaongezeka na sungura hawakuongezeka. Mwezi wa tisa, watu wakijiandaa kupanda, katoni zilifika dari. Siku moja Anisia akagundua kuwa wiki nzima alikuwa ameisahau leso nyumbani, na wala hakuihitaji. Alifungua chupa moja akanusa. Yalikuwa maji yenye rangi ya chai.

Akamwuliza Ilyasi.

"Bon, tumepunguza makali kidogo," Ilyasi alijibu bila kuinua macho. "Ile ya kwanza ilikuwa inaunguza majani. We soma tu vile iko imeandikwa."

Anisia alisoma. Kwa kila katoni iliyouzwa kupitia makundi aliyoyatumia rekodi zake alipata fungu lake, na mafungu hayo yalikuwa yameezeka nyumba ya baba yake huko Mwakiro kwa mabati mapya. Alijiambia kuwa mwenye mali ni Ilyasi, yeye ni sauti tu. Akasoma hivyo Septemba yote na Oktoba yote.

Siku mbili kabla ya Noeli alipanda gari la Muyinga, na kutoka pale akachukua pikipiki hadi Mwakiro. Walipoacha barabara kuu alianza kutazama mashamba. Wakati kama ule mahindi huwa yamempita mtu kimo. Haya yalimfikia magotini, membamba, ya njano mpaka kwenye shina. Alipita shamba la pili, la tatu, la nne, kila mara akitumaini linalofuata litakuwa tofauti. Shamba moja moja lilikuwa la kijani, limesimama vizuri, na hayo ndiyo yaliyomtisha zaidi, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha kote sawasawa.

Kastori, jirani yao, alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba lake. Miaka yote alimpokea Anisia kwa kumwita mwanangu na kumbebea mzigo. Safari hii hakusogea.

"Karibu, Mama Upendo," alisema.

Baba yake alikuwa ndani, mchana kweupe, siku ya kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Leonardi alimwonyesha kiti.

"Ule ujumbe ulipoingia kwenye kundi la ushirika, nilikujua kabla hujafika neno la tatu. Watu wakaniuliza, mwenyekiti, huyu si Anisia wako? Nikasema ndiye. Wakauliza, mbona anajiita Mama Upendo? Nikawaambia matangazo ndivyo yalivyo, jina si kitu. Lakini mtoto wangu namfahamu, hawezi kuwauzia watu kitu kibaya." Alitazama mikono yake. "Kastori alikuwa ameshatenga hela ya mbolea ya kawaida. Akaiacha, akanunua chupa. Nyumba kumi na moja zilifanya hivyo. Hawakufuata neno lako, Anisia. Walifuata langu."

"Baba, mimi sikuichanganya ile mbolea."

"Sikukuuliza nani aliichanganya."

Siku ya Noeli alijua mengine. Leonardi alikuwa ameuacha uenyekiti wa ushirika, na kanisani, alikokuwa akikaa mbele na wazee wenzake, sasa alikaa karibu na mlango na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho. Anisia alikaa naye. Hakuna aliyewatukana. Watu waliwasalimia kwa adabu, wakapita.

Aliporudi Gitega alimkuta Ilyasi anapakia katoni za msimu wa maharage.

"Mahindi hayakukua," alimwambia. "Karibu Mwakiro nzima."

"Mvua ilikuwa mubaya."

"Mvua ilikuwa nzuri. Nimeona mashamba ya wale ambao hawakununua."

Ilyasi aliweka katoni chini. Hakuwa mtu mkali. Alizungumza taratibu, kama anayemweleza mdogo wake.

"Anisia, mi sikushika mutu mukono. Waliona bei, walipenda. Donc, kosa iko wapi? Na zile mabati za muzee, ulizirudisha?"

Alitaka kumjibu kwamba hilo ni jambo lingine. Akatafuta ni lingine kwa namna gani, asione.

Alitoka nje, akasimama nyuma ya ukuta wa duka, akarekodi bila karatasi. "Mimi si Mama Upendo. Naitwa Anisia, binti wa Leonardi wa Mwakiro. Sijawahi kuishi Buhinyuza. Yale magunia tisa hayakuwahi kuwepo. Chupa hizo ni maji, na mimi niliyewauzia nimekula faida. Msinunue." Akautuma ujumbe huo kwenye makundi yote sitini na matatu, moja baada ya jingine.

Matusi yalikuja, akayasoma. Wengine waliandika kuwa amenunuliwa na mshindani. Mtu mmoja wa Buhinyuza aliandika kwa upole kwamba amenunua katoni nzima juzi, akauliza, "Dada, sasa ile nzuri yenyewe inapatikana wapi?" Huyo ndiye aliyemliza.

Ilyasi alifanya aondolewe kwenye makundi jioni ileile. Kabla ya wiki kwisha ilisikika sauti nyingine, ya msichana, laini, yenye Kiswahili kilichonyooka, ikisema maneno yaleyale. Anisia alikwenda kwa afisa wa kilimo akaeleza yote. Afisa alisikiliza, akachukua kalamu, na jina la kwanza aliloandika kwenye orodha ya watuhumiwa lilikuwa la Anisia. Mwenyewe aliona ni haki.

Mwezi wa pili alirudi Mwakiro na mizigo yake yote. Kilichobaki mkononi mwake kilitosha mifuko miwili ya mbolea ya kweli. Aligawa kwa nyumba kumi na moja, kila nyumba ikapata beseni moja, kiasi cha kipande kidogo cha shamba. Kastori alipokea la kwake, akalibeba ndani. Mkewe, Jeska, alibaki uwanjani na kikapu cha mbegu za maharage kiunoni.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza.

Anisia alikuwa amejiandalia majibu mengi njiani. Yote yalianza na Ilyasi.

"Nilijua, mama."

Jeska alikiweka sawa kikapu kiunoni.

"Ungesema hukujua, ningekuamini," alisema. "Nilishajiandaa kukuamini."

Akageuka, akaenda shambani, akaanza kufukia mbegu. Anisia alisubiri aambiwe aende kwao. Hakuambiwa. Akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akaanza mstari wa mwisho, upande wa pili wa shamba. Walilima hadi jua likawa utosini, kila mmoja upande wake.