Mtu Getini

Madam alikwenda na Afande kwenye duka la kamera kwa sababu Afande ndiye aliyeijua nyumba. Kwa miaka sita alikuwa mlinzi wa mchana pale: kufungua geti, kufagia uwanja, kujaza mapipa maji yakitoka, na kuwatuliza wauzaji wasiokubali kuambiwa hapana. Jina lake halisi hakuna aliyeliuliza. Kwa kazi hiyo alipanga chumba kimoja na kumsomesha bintiye aliyekuwa mwaka wa mwisho wa shule.

Madam alivutiwa na kamera za Wi-Fi. Hazina nyaya, hazichafui ukuta. Afande akakohoa kidogo. Umeme ukikatika, alisema, hizo nazo zinalala, na wezi wanajua ratiba ya umeme kuliko sisi. Fundi wa duka, mtu mzima mwenye miwani ya kufungwa kwa uzi, akamuunga mkono: bora kamera sita za waya, na swichi, kisanduku cha matundu manane ya waya, inayopeleka umeme na kurudisha picha kwa waya uleule, zote zikae kwenye betri.

Diski ya kuhifadhia picha ndiyo iliyowakwamisha. Ile kubwa ilikuwa imepanda bei wiki hiyohiyo. Madam alitoka nje kumpigia mumewe, aliyefanya kazi mbali na ndiye aliyekuwa analipa, akarudi uso umemshuka. Ndogo ingejaa kwa siku tatu.

“Si irekodi mtu akipita tu, madam?” Afande aliuliza. “Ukuta mtupu wa nini?”

Wote wawili wakamsifu. Alirudi na boksi la kamera mapajani, kichwa kimevimba.

Kasoro ilionekana siku ileile kamera zilipofungwa. Kamera ikimwona mtu ilimchorea mraba wa kijani, ikaandika MTU, na simu ya madam ikalia. Afande naye kazi yake ni kupita. Kufika adhuhuri madam alikuwa anasaga meno. Fundi akarudi, akamsimamisha Afande mbele ya kamera, akamgeuza kushoto na kulia, akampiga picha na magwanda yake, akamwingiza kwenye orodha ya wale ambao mashine haishughuliki nao.

Mraba ukamwachia. Kwenye skrini ya sebuleni, iliyoonekana dirishani, fundi alikuwa na mraba wake. Afande, aliyesimama kando yake, hakuwa nao. Akapunga mkono. Akarukaruka kidogo, mtu mzima na buti zake. Hakuna kitu. Akajicheka, akarudi getini.

Jumamosi iliyofuata madam alimwita sebuleni. Mumewe alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa. Alikuwa ameangalia picha za wiki nzima, alisema, na mlinzi haonekani ila madam anapotoka na anaporudi. Katikati hayupo.

Madam akawasha skrini. Asubuhi: madam anapita, Afande anafungua geti, uwanja umejaa majani, mapipa makavu. Kisha jioni. Uwanja umefagiwa, mapipa yamefurika, nguo zimeanuliwa kambani. Hakuna aliyezigusa. Baina ya hizo, picha moja tu ya nje: mleta gesi anazungumza na tundu la geti lililofungwa, anacheka, anaondoka. Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Afande aliitazama nyumba ikijihudumia yenyewe. Kwa dakika moja alijiuliza kweli kama alikuwepo.

“Madam, mwambie,” alisema. “Fundi alinitoa kwenye mashine, ndiyo maana hainirekodi. Ni wewe uliyemwita.”

Madam hakuwa mtu mbaya. Ila intaneti ya kamera ilikuwa inalipiwa kila mwezi, na mlinzi pia, na mumewe alikwisha kusema hawezi vyote viwili. Akaitazama simu, akalitazama zulia.

“Mimi mchana sipo, Afande,” alisema. “Mashine ndiyo inayokaa.”

Ilimuuma kuliko kutukanwa. Unga wake umemwagika, kazi imekwisha, na aliyeumwaga anaona haya kumtazama. Mume akaaga, akakata simu.

“Basi nifute humo,” Afande alisema. “Siondoki nikiwa humo.”

Madam akabonyeza, akabonyeza tena, akamwonyesha orodha tupu. Afande akaenda kwenye kibanda chake cha ulinzi, akavua magwanda, akayakunja vizuri juu ya kiti, akavaa gauni lake. Akatoka nje, akalivuta geti nyuma yake. Kisha akageuka, akasimama chini ya kamera ya geti, akaikodolea macho.

Simu ya madam ikalia. Ikanyamaza, ikalia tena. Mara ya tatu alikuwa mumewe.

“Kuna mwanamke amesimama getini,” alisema. “Hasogei. Tuma mtu amwondoe.”

Madam akatoka hadi barazani. Alikitazama kibanda, akalitazama geti, na hakuona wa kumtuma.