Sweta la Kukamulia

Tangu habari ifike kijijini Tumati kwamba Verediana anakwenda Kanada, binti huyo alikuwa hatembei tena, anaruka. Shamba la ngano la serikali kule Hanang lilikuwa limemchagua akasome muhula mmoja ufundi wa mashine za kuvunia, kisha arudi kazini. Akifagia anacheka. Akichota maji anacheka, nusu ya ndoo inabaki njiani. Kila jirani alikuja na ushauri wake kuhusu baridi ya huko, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka Arusha.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa na miguu minne. Ng'ombe wao aliitwa Malaika, na aliyempa jina hilo sijui alikuwa anafikiria nini. Alikubali kukamuliwa na Verediana peke yake. Philomena, mama yake Verediana, alishapigwa teke akaangukia kwenye samadi. Helena, dada yake Verediana, alishakimbizwa hadi jikoni. Na maziwa yenyewe hayakuwa ya anasa, kwa kuwa Helena alikuwa na mapacha wachanga na titi lake halikuwatosha.

“Watoto wakikosa maziwa, hakuna Kanada,” baba yao, Mzee Hhando, alikuwa amesema. Verediana naye aliona hivyohivyo. Angekula vipi mkate wa Wazungu huku akijua mapacha wanalia?

Asubuhi ya safari ikafika, ukungu umetanda, Landrova ya shamba ikitarajiwa wakati wowote. Philomena alikuwa na mpango wake. Alimvalisha Helena gauni la kukamulia la Verediana ili Malaika adanganyike. Mpango ulikuwa mzuri, ila mama huyo, kwa kuheshimu safari, alikuwa amelifua gauni jana yake kwa sabuni, likanukia kama la bibi harusi. Malaika alinusa mara moja tu. Kibuyu kikaruka huku, Helena kule.

Verediana alicheka mpaka akashika mbavu, kisha ghafla kicheko kikamkauka. Ndani, mapacha walikuwa wameanza kulia. Landrova nayo ilisikika ikipanda kilima.

“Basi siendi,” alisema, na machozi yakamtoka palepale.

“Nyamaza,” alisema Hhando. “Hilo sweta ulilovaa limefuliwa?”

Lilikuwa sweta jekundu, la pekee alilokuwa nalo, alilolivaa kila alfajiri ya kukamua mpaka likagandwa na moshi, maziwa na harufu ya Malaika. Alikuwa amekataa lifuliwe, akiogopa halitakauka kabla ya safari. Ndilo lililokuwa liende kupambana na baridi ya Kanada.

“Baba, si nitaganda huko!”

“Lete.”

Sasa, Mzee Hhando alikuwa mwenyekiti wa kigango cha kanisa, mwenye mabega mapana, na katika maisha yake hakuwahi kuchuchumaa kando ya ng'ombe akiwa na kibuyu. Alivua koti lake refu, akajisokomeza ndani ya sweta la binti yake. Mikono ikaishia kwenye viwiko, kitovu kikabaki kinachungulia. Akajifunga na kanga ya mkewe kichwani, kwa tahadhari.

“Huwa unamwimbia nini?”

“Wimbo wa kwaya, baba. Sauti ya kwanza.”

Besi nene kuliko zote Tumati ikaanza kuimba kwa sauti nyembamba ya msichana. Malaika akamnusa bega. Akanusa tena. Akashusha pumzi, akaendelea kucheua. Maziwa yakaanza kugonga kibuyu, chwii, chwii.

Hapo ndipo dereva wa Landrova, Nicodemo, alipoingia uani, akamwinamia yule mwenye kanga kwa heshima zote.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu,” akajibu Hhando kwa sauti ileile nyembamba, asije akaharibu kazi.

Philomena alikaa chini kabisa kwa kucheka. Helena akaegemea ukuta. Hhando hakugeuka.

“Vere, vaa koti langu. Uende upesi, wakati bado naimba.”

Njiani Verediana na Nicodemo walicheka mpaka Landrova ikayumba. Lakini Tumati ilipopotea nyuma, na ngano ya Hanang ikaanza kuonekana mbele bila mwisho, alitamani kufungua mlango aruke, akimbie nyumbani. Akavuta kola ya koti hadi puani. Ilinuka ugoro, kuni na jasho la baba yake. Akanusa tena. Akashusha pumzi, akatulia, na gari likaendelea kwenda.