Karatasi za Sebule ya Scholastique

Namegabe alikuwa amemaliza kubandua karatasi za ukuta mmoja wa sebule risasi zilipoanza kulia upande wa mtaa wa Ngagara. Alikuwa fundi wa rangi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiishi mtaa wa Jabe na mkewe Orpha. Nyumba hii ya Mutanga Sud ilikuwa ya Scholastique, mwalimu mjane. Nyuma ya karatasi za maua zilizofunika kuta kulikuwa na ukungu, na binti yake Ingrid, ambaye sasa alikuwa kwa bibi yake, alikuwa akikohoa tangu masika.

"Fundi, usitoke," Scholastique alisema, akifunga geti. "Vijana wamefunga barabara. Ni ville morte, hakuna kutoka wala kufungua duka. Mutu akipita wanamukamata."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka wachoke."

Akaendelea na kazi. Alikandamiza bamba la mashine ya mvuke ukutani, akangoja karatasi ilegee, akaikwangua. Maji ya gundi yalimtiririka hadi kwenye kiwiko. Dirisha aliliacha wazi mvuke upate kutoka, na mvuke huo ukaonekana barabarani. Geti likagongwa kwa jiwe.

"Munachoma nini humo?"

Scholastique aliwahi kufungua kabla hawajalivunja. Walikuwa vijana watatu, mmoja na guruneti kiunoni. Huyo akaenda moja kwa moja sebuleni.

"We ni wa wapi?"

"Mi Mukongomani. Mi fundi tu."

Kijana akalishika bamba, likamuunguza, akalitupa sakafuni. Mwenzake akacheka.

"Fungeni madirisha," kijana alisema akinyonya kidole. "Nikiona tena moshi, nitaichoma hii nyumba kweli."

Wakafunga. Siku mbili Namegabe alifanya kazi ndani ya mvuke usio na pa kutokea, shati limemgandia mgongoni, akila ugali jikoni na kulala juu ya turubai. Alasiri ya siku ya pili kuta zote zilikuwa tupu. Akazima mashine, na hapo ndipo alipoanza kusikia kila kitu: risasi, mbwa, mtu akiita jina la mtu. Akamfikiria Orpha, aliyekuwa peke yake kule Jabe.

"Mama, chumbani kwako pia kuna karatasi?"

"Zile ni nzima. Marehemu ndiye aliyezichagua."

Mlipuko ukatikisa vioo. Scholastique akafumba macho.

"Haya, toa," alisema. "Nipe na mimi kisu kimoja."

Wakabandua pamoja hadi giza. Hakuna aliyetaka kufika mwisho wa ukuta na kubaki akisikiliza risasi.

Siku ya nne asubuhi basi dogo likapita; barabara zilikuwa zimefunguliwa. Namegabe alitoka mbio hata bila kuaga. Jabe, mlango wake ulikuwa umefungwa.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Ni mi."

"Sema jina."

Akalisema. Akasikia kitanda kikivutwa kutoka mlangoni, taratibu, kama aliyekivuta hakuwa na nguvu. Orpha akamshika mikono yote miwili, akaigeuza huku na huku kutafuta jeraha. Jioni ile wakaanza kufunga mizigo ya kurudi Uvira.